Kambale mu Ndoo ya Mukwe

Baba yangu alikuwa anatumika kazi ku reli. Siku moja, nilikuwa ningali mutoto, tulipanda treni naye kwenda ku matanga. Ku gare moja treni ikasimama, sijue tena gare gani, mama moja akaingia na kitunga ya kuku. Baba akamuona, akafunika uso na kofia, akashuka upande ingine. Ule mama alikuwa mama ya bibi yake, njo nyanya yangu mie. Kwetu muntu hawezi kumuangalia mama mukwe mu macho, wala kumusemesha, wala kuingia jikoni kwake. Treni ikaenda. Mie ndani, nyanya ananipa karanga. Baba inje, mu jua, anafuata reli na viatu mu mikono.

Hii habari njo nilikuwa ninaelezea mukwe yangu mwaka uliopita, mu lupango, uwanja ya nyumba yetu, kule mutaa Hewa Bora. Yeye alioa binti yetu wa kwanza, na ku iniversite anafundisha mambo ya samaki. Jirani banamucheka: muntu muzima, amevaa kostime, kazi ni kuangalia samaki mu kinywa! Mie nilimupenda, juu alijua kunisikiliza.

Ile siku alitoka mbali, Mitwaba, juu ya kamio ya mizigo, mavumbi mupaka mu masikio. Alikuwa anakimbilia ku iniversite, lakini hauwezi kupita nyumba ya bakwe bila kusalimia. Akatosha viatu mu miguu, akaweka ndoo yake mu kivuli, akakaa karibu yangu. Macho inawaka.

"Papa, nimepata kambale yenye haiko mu kitabu yoyote."

"Kambale ni kambale."

"Hapana, Papa. Ndevu zake si sawa za wengine. Ziko na matawi, sawa mizizi. Tutamuandika, atapata jina. Lakini niko naye moja tu. Kule ku kijito bantu banasafisha mawe ya shaba, mayi imekuwa nyekundu, samaki hakuna tena. Bila mwili yake, nani atanisadiki?"

"Na haoze?"

"Nilimulaza mule mu ndoo, mu formol, ile dawa ya kuchunga maiti."

"Basi iko sawa batakatifu. Kwanza kufa, kiisha jina!"

Akacheka. Nikamwambia, ngoja nikuelezee ya treni.

Sasa, ndoo. Kivuli yenye alichagua ilikuwa ku mulango ya jiko. Na kwetu, kitu mukwe anaweka ku mulango ya jiko bila kusema neno, ni zawadi ya mama mukwe. Mama hatoke kusema aksanti. Anapika, njo aksanti yake. Mukwe yangu anajua ile muzuri kunipita, lakini akili yote ilikuwa ku samaki, akatafuta kivuli tu. Mie nilikuwa nimegeuza mugongo.

Mu hadisi yangu nilifika pale baba anashuka treni. Mukwe akainua pua.

"Papa, Mama anapika nini?"

"Ngoja, baba anashuka..."

"Papa. Ndoo iko wapi?"

Nikageuka. Ku mulango ilibakia kifuniko. Harufu ya kitunguu ilikuya, na ndani yake ile harufu ya mogi, nyumba ya maiti, yenye inachoma macho. Bibi yangu anasemaka samaki yote ya siku hizi inanuka dawa, anaosha mara mbili, anaweka ndimu.

"Kaa," nikamwambia. "Mie njo nitaingia."

Kuinuka tu, magoti ikakatala. Nikapiga kelele: "Weye mama! Usionje!" Ku kanisa ya jirani banapiga ngoma, hakusikia. Kupitia mulango nilimuona amechuchumaa ku mbabula ya makala, anainua kijiko ku kinywa, apime chumvi.

Mukwe akanipita. Akaingia. Akapiga ule mukono, kijiko ikaruka mupaka ku ukuta.

"Yooo! Muzee, mukwe yako ananipiga mu jiko yangu!" Akafunika uso na kitenge.

"Ni sumu, Mama! Umeonja?"

"Bado! Toka! Toka kwangu!"

Hakutoka. Akashika sufuria na mikono mitupu, akamwaga supu chini, akapiga magoti, akaanza kukusanya vipande. Mukia. Mugongo. Kichwa ilikuwa imefunguka sawa kitabu yenye iliingia mayi. Akageuza, akatafuta, akageuza tena.

"Mama, ndevu?"

Bibi yangu akajibu ndani ya kitenge: "Nilitupa mu moto. Nani anakulaka ndevu?"

Akaangalia makala. Ilikuwa nyekundu, safi, hakuna kitu juu yake. Aliangalia mupaka mie nikaogopa ataingiza mukono.

"Mutoto yangu," nikasema, "leta kuku moja, uweke ku mulango, mama atasamehe. Desturi iko na njia yake."

Binti yetu anakuyaka siku hizi kutusalimia peke yake na batoto. Mama yake anaulizaka kama ile mikono ilipona.

Ile siku, mukwe aliweka kile kipande ya mugongo chini, polepole, sawa muntu anaweka yayi. Akanipita. Nikaita. Viatu vyake vilikuwa pale karibu na kiti yangu, hakuviangalia. Akafungua mulango ya lupango na kiwiko, mikono imeungua, akaenda. Hakurudi tena.