Aliyeendesha Trekta Siku ya Mvua ya Mawe

Nilipokuja Riyadh kufanya kazi za nyumbani, kila mtu aliniambia nijiandae kwa joto. Baridi hakuna aliyeitaja, na barafu ndiyo kabisa.

Familia niliyoifanyia kazi ilikaa mtaa wa Naseem, lakini wikendi tulihamia kwenye nyumba yao ya mapumziko nje ya mji, kule majumba yanakoisha na mchanga kuanza. Kutoka getini hadi mlangoni kulikuwa na njia ndefu ya kokoto, na bosi alipanda mawaridi kandokando yake. Upepo ulikuwa ukiifunika njia hiyo kwa mchanga, kwa hiyo alinunua trekta dogo lenye bamba pana la chuma lililofungwa nyuma, la kukwangulia. Aliliendesha mlinzi peke yake, mzee mmoja wa Bangladesh. Sisi wengine tulikatazwa hata kuliegemea.

Wikendi hiyo mlinzi alikuwa likizo kwao na bosi alikuwa Jeddah kikazi. Mimi, madam na watoto wawili tulipaswa kumfuata kwa ndege mchana, maana usiku huo mdogo wake madam alikuwa anaolewa huko.

Asubuhi, nikiwa napiga pasi magauni, giza likaingia ghafla. Kisha juu ya mabati ya banda la gari pakaanza kelele kama lori linamwaga kokoto, lori baada ya lori. Stima ikapotea. Watoto walijificha chini ya meza, na madam akawa anasoma dua huku ameshika ukuta. Kulipotulia nilifungua mlango nikaona ua wote mweupe.

"Thalji!" watoto wakapiga kelele, yaani theluji.

Nilijua ni mvua ya mawe, kwetu Kitale tunaiona. Lakini kwetu huanguka, inavunja mahindi, inayeyuka. Hii ilikuwa imelala hadi kwenye vifundo vya miguu, na pale njia inapobonyea maji yalikuwa yameisukuma ikakusanyika karibu kufika goti. Nikawa nimesimama tu, nikijiuliza niko nchi gani.

Madam aliwasha gari. Alikuwa na leseni na alijivunia. Magurudumu yalizunguka pale pale, gari likateleza kando likagusa mtende.

"Tungoje, madam," nikasema. "Itayeyuka."

"Ndege haitangoja!" Alikuwa karibu kulia. Akatazama trekta bandani, akanitazama mimi. "Uliniambia baba yako alikuwa dereva wa trekta."

"Baba yangu, madam. Si mimi."

"Lakini ulikuwa unamwona. Yalla, panda!"

Ni kweli nilikuwa namwona. Nikiwa mdogo nilikaa juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, baba akilima shamba la tajiri mmoja, na mara nyingine aliniacha nishike usukani. Lakini kumwona mtu na kufanya mwenyewe ni mambo mawili. Baridi ilikuwa ikiuma. Madam akanivika joho la bosi la manyoya, lile alilovaa akienda kukaa jangwani, akanifunga kitambaa chake cha shemagi kichwani hadi yakabaki macho.

Trekta liliwaka. Nilishusha bamba kwa wenzo ulio karibu na kiti, nikaingiza gia, nikaenda mbele. Nilifurahi sana, mpaka nilipogeuka. Nilikuwa nimekokota barafu yote hadi getini, na sasa nilikuwa nimebanwa kati ya geti lililofungwa na rundo refu, sina pa kwenda. Madam alikuwa kwenye ngazi ananipiga video kwa simu, anacheka hadi machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo, na sikujua kama ananicheka mimi.

Nilinyanyua bamba, nikarudi nyuma nikilipanda rundo polepole. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bamba la namna hii hugeuzwa likakaa mshazari, ili linachokwangua kimwagike pembeni. Kulikuwa na pini, lakini ilikuwa imeshika kutu. Madam alikimbilia jikoni, akarudi na mchi wa shaba wa kutwangia iliki. Mmoja alishika, mwingine akagonga, tukapokezana, viatu vyake vya harusi vimelowa chapachapa. Pini ilipotoka tulishangilia kama watu waliofunga goli.

Njia ilifunguka. Kokoto nyingi zilikwenda na barafu, na mawaridi ya upande mmoja yaling'oka yote, maana sikujua ncha ya bamba inafika wapi. Lakini gari lilipita.

Tuliposhuka Jeddah joto la unyevunyevu lilitupiga usoni. Watu walikuwa wanajipepea kwa mapepeo. Ndugu zake madam waliposikia habari yetu walicheka. "Barafu? Riyadh?" Hata mimi, nikiwa natokwa jasho jikoni kwa mama yake, nikaanza kuona kama tumeota.

Madam akatoa simu akawaonyesha video; kilichosikika ni mngurumo wa trekta tu. Walipomaliza kushangaa barafu, bosi akakunja uso. "Hilo ni joho langu," akasema. Kisha, "Nani huyo juu ya trekta?"

Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nilijua nimekwisha.

"Mimi," madam akasema.

Alisema bila kupepesa macho. Bosi akamtazama, akatazama simu tena. "Na nani alipiga video?"

Madam akaninyooshea kidole. "Huyu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bosi akacheka, akamwambia mama mkwe kwamba amezaa simba. Mama akamkumbatia binti yake. Mimi nikaendelea kuwamiminia kahawa mmoja baada ya mwingine, ila ndani sikujua nishukuru au nilie. Nilikuwa nimeokolewa. Na pia kuna kitu kilikuwa kimechukuliwa, na hakikuwa kitu ambacho ningeweza kukidai.

Baadaye, nikimsaidia kufunga gauni, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Madam, kwa nini?"

"Angekurudisha kwenu," akasema. Halafu akajitazama kwenye kioo, akanyoosha mkufu. "Na walifurahi, sivyo?"

Nikaendelea kumfunga gauni.

Wikendi iliyofuata tulirudi kule. Barafu haikuwepo. Kulibaki kokoto zilizorundikana na miti ya mawaridi imekauka, na upepo ulikuwa umeleta mchanga mpya. Bosi alitazama mawaridi yake, kisha akampa mkewe ufunguo wa trekta. "Haya simba, tuonyeshe."

Madam alipanda. Alikaa huku ameshika usukani kwa mikono miwili, hajui mguu uende wapi. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya mgongo wa bosi, na ningeweza kuendelea kuanika. Sijui mpaka leo kwa nini niliweka kapu chini. Nilikanyaga hewa kwa mguu wa kushoto, nikasukuma mkono kana kwamba naingiza gia, nikaachia mguu polepole. Akafuata. Trekta likaruka, likazima. Tukarudia. Mara ya pili likaenda, likipinda kama mlevi, bamba liko juu halikwangui kitu, na bosi akacheka akidhani ni mzaha.

Siku hiyo alijifunza kweli. Mlinzi alipokawia kurudi, madam ndiye aliyesafisha njia kila wikendi, na alikuwa hodari. Alikuwa akinipungia mkono akipita dirishani mwa jikoni, nami nikimpungia, mikono yangu imejaa povu. Mara nyingine nilimpungia kwa furaha kabisa. Mara nyingine nilifunga pazia.