Mukwe Aliyekimbia Jua

Hategekimana alikuwa fundi wa nguo mjini Goma. Mwaka mzima alishinda ndani ya duka la tajiri wake akikanyaga cherehani, na jua alilichungulia tu mlangoni. Kiangazi cha mwaka 1956 akapewa konji, likizo yake ya mwaka. Yeye na mke wake Mukamurenzi wakaenda Kibati, bukweni kwa wazazi wa mke, kusaidia kung'oa maharagwe.

Siku ya kwanza alifanya kazi kwa fujo, mikono wazi, ili aonekane dume. Jioni ngozi ikaanza kumuwasha. Kulipokucha, mikono na shingo vilijaa vipele, naye anajikuna kama mbuzi mwenye upele.

"Nini hii?" akauliza baba mukwe, muzee Munyakazi.

"Ni jua, papa."

"Jua? Tangu lini mutu mweusi anaugua jua?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema ni vipele vya uvivu.

Muganga wa dispanseri hakucheka. "Ngozi yako imezoea kivuli," alimwambia. "Vaa mikono mirefu. Shambani uende alfajiri na jioni. Mchana kaa ndani, ujipoze kwa maji baridi. Na usijikune!"

Lakini mchana wengine wote walikuwa shamba na nyumba imefungwa, wazi ni jiko tu, na jikoni alikuwamo mama mukwe, Nyiransengimana. Kwa desturi yao, mukwe na mama mukwe hawatazamani wala hawasemezani. Hategekimana akaketi ameuelekea ukuta, akachukua ungo, akaanza kuchagua maharagwe. Mama akakigeukia chungu.

"Wee chungu, mwambie huyo mutu yaliyotobolewa na wadudu ayatenge."

"Chungu, mwambie mama nimesikia."

Tangu hapo chungu hakikupumzika. Kilipeleka umbea wa kijiji kizima, na vicheko juu yake. Mukamurenzi alirudi toka shamba akasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Munaongea?"

"Hatuongei!" wakajibu wote wawili.

Vipele vikakauka. Muzee Munyakazi naye aliacha maswali yake ya jua, kwa kuwa mukwe aliyeanza kung'oa alfajiri aliwashinda wanawe waliongoja jua litoke.

Aliporudi Goma, Hategekimana alimshonea mama mukwe gauni la maua, akamtuma mkewe alipeleke. Kwa vile hakuwahi kumtazama, alikuwa amekata kwa kukisia, na gauni lilitosha wanawake wawili. Nyiransengimana alilikaza kwa mshipi, akaenda nalo misa ya Jumapili, akakaa benchi la mbele.