Salamu za Mama kwa Mkwewe

Mama yangu alipoletwa kwetu mjini, mtaa wa Igogo, kutoka kisiwani Ukerewe, mguu umevimba na kutoka kidonda kwa kisukari, niligeuka mkalimani. Yeye anajua Kikerewe. Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya dagaa. Mume wangu ni Mhaya asiyejua Kikerewe, na wanangu wanajua Kiswahili pekee. Hilo kosa ni langu. Nilikuwa nikirudi kutoka kiwanda cha samaki Nyakato, nimesimama tangu asubuhi nikikata minofu ya sangara. Nguvu ya kuwafundisha watoto lugha ya pili ningeitoa wapi? Hii ya kwanza yenyewe niliitumia kuwafokea.

Kwa heshima yetu, mama na mkwewe hawali pamoja wala hawazungumzi ana kwa ana. Basi kila jioni yeye alikula nami uani, mume wangu sebuleni, na mimi nikabeba maneno. Mama alikuwa na ombi moja. "Mwambie mkwe wangu namshukuru kwa dawa na chakula. Ila anirudishe nyumbani. Naogopa kufia hapa, mahali ambapo hata jirani siwezi kuongea naye."

Nami niliingia sebuleni nikasema, "Mama anakusalimu."

Nilidanganya hivyo kwa miezi. Kule Ukerewe kliniki iko mbali, na hakuna wa kumfunga kidonda. Hizo ni sababu za kweli. Nyingine ni kwamba nilimtaka tu, nikirudi nimechoka nimkute.

Binti yangu wa miaka sita ndiye aliyeanza kunichokonoa. "Mama, mbona bibi amesema mengi, wewe umesema kidogo?" Nikamwambia anyamaze. Siku nyingine, miguu yangu imo kwenye beseni la maji ya chumvi, akauliza watu wanajifunzaje lugha nyingine. Nilimjibu ili aniache nipumzike.

"Kaa karibu na bibi. Akisema kitu, tazama mkono wake unakwenda wapi. Sema kama alivyosema. Ukikosea atacheka, na wewe cheka. Kesho rudi tena."

"Basi?"

"Basi. Na usinifuatefuate."

Akafanya hivyo hivyo. Alianza na maji, kijiko, njoo, kaa. Mimi nilishukuru kupata nusu saa ya kujinyoosha kitandani. Sikufikiri kwamba mtoto akishajua kuomba maji, hataishia hapo.

Jumapili moja, miezi kadhaa baadaye, tumetoka kanisani, mama akarudia ombi lake. Nikaenda sebuleni. "Mama anakusalimu."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hapana, baba. Bibi anasema asante kwa dawa. Anasema umrudishe kwake. Anaogopa kufa hapa."

Mume wangu akaacha kula. "Ameanza lini kusema hivyo?"

"Kila siku anasema," mtoto akajibu.

Niliona aibu, lakini nilikuwa nimechoka mno hata kujitetea. Mume wangu alisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwambie Jumamosi tutampeleka. Na kwamba sikuwa najua."

Nikarudi uani. Mama alikuwa amesikia sauti zetu, ameweka sahani chini, ananingoja. Nikaanza kumweleza kwa Kikerewe, polepole, nikikusudia kutopunguza chochote. Nilipofika kwenye Jumamosi nikainama kuokota sahani yake, na binti yangu, aliyekuwa amenifuata, akamalizia.