Msanii wa Karata za Ramli

Msanii aliyepanga chumba cha juu yangu, mtaani kwetu Chelsea, alikuwa na tabia ya kulamba brashi, kwa hiyo kufika saa ya chai ulimi wake ulikuwa wa buluu. Akichora aliimba, na akikwama aligonga sakafu kwa kisigino: “Jirani, njoo uniinamie kidogo!” Nami nilipanda na unga mikononi, nikainama ili anichore, huku yeye akinisimulia habari za watu wake wa karatasi, ungedhani anawasengenya wapangaji wenzetu. Mwaka ule alikuwa akichora karata za ramli. Bwana Pettifer, aliyemwagiza kazi hiyo, alitaka watu kwenye zile kubwa tu, zenye majina. Zile ndogo, za namba, ziwe na vikombe na panga za kuhesabu, basi. Alipokuja kuzitazama, akakuta kila karata ina mtu.

“Nilikwambia vikombe vitano, bibie. Huyu mzee anayesinzia katoka wapi?”

“Vikombe haviji mezani vyenyewe, bwana,” akajibu, mkono hausimami. “Ni vya wageni wake.”

Mimi, niliyekuwa bado nimeinama, niliogopa asije bwana huyo akaikataa kazi yote. Bwana Pettifer akaisogeza karata dirishani, akaitazama kwa kitambo.

“Wameshaondoka?”

“Zamani.”

“Na moto naona umezimika. Mfunike hata blanketi basi, atashikwa na baridi.”

Msanii akamfunika kwa brashi pale pale. Bwana Pettifer akavua kofia, akavuta kiti, akachukua karata nyingine. “Haya, na huyu mama mwenye panga, kagombana na nani?”