CD ya backup niliikuta Magara, juu ya ndagala

Amahoro wakuu.

Hii ilinikuta mwenyewe Rumonge, wakati wa vita. Siongezi chumvi. Atakayecheka acheke, mimi siku ile sikucheka.

Nilikuwa natunza kompyuta ya shirika moja dogo. Ilikuwa moja tu, inatumia Linux, na ndani iko orodha ya watoto waliopotezana na wazazi katika kukimbia: jina, colline yaani kilima anachotoka, nani anamlea sasa. Karatasi hatukuweka, maana orodha kama ile ikiokotwa na watu wabaya ni balaa.

Backup ilikuwa CD mbili. Moja ya settings, ya pili orodha yenyewe. Nikampelekea mama mkubwa Zaituni, anayeanika ndagala, dagaa wa ziwani, kule Magara. Nilijiona mjanja: Rumonge ikichomwa, Magara itabaki.

Nikamwambia, "Mama mukubwa, usiziweke chini, panya watatafuna."

Siku moja courant, umeme ule, ikaja na nguvu, disque dur ya kompyuta ikafa na orodha ikaenda nayo.

Kesho yake akaingia mama mmoja, Mama Divine, ametoka kambini Tanzania, anamtafuta mtoto wake Divine. Nikamwambia angoje. Akakaa barazani.

Barabara ya Magara ilikuwa imefungwa. Siku ya tatu ikafunguliwa, nikapanda gari la kwanza.

Kufika Magara, nyie! CD ya settings iko kabatini. Ya orodha inaning'inia kwenye kamba juu ya ndagala, inazunguka na upepo, inafukuza ndege.

"Mama mukubwa, umefanya nini?"

"Si ulisema panya? Pale panya hafiki. Na ndege wote wamekimbia. Murakoze sana, mwanangu."

Nikaifungua kambani. Nilisema panya, sikusema jua.

Nikarudi, nikafunga disk mpya, nikainstall Linux upya. Settings zikarudi bila shida. CD ya orodha ikagoma. Nikaiosha mafuta ya samaki kwa sabuni, ikagoma tena. Basi nikatumia amri ya dd na noerror, iruke palipoharibika, ivute kilichobaki. Ikasaga mchana kutwa. Mama Divine akaja kukaa kando yangu, anaangalia namba zinavyosogea.

Jioni faili likafunguka. Majina ya mwisho mwisho yameliwa. Herufi D iko.

Nikasoma: Divine, yuko Kigwena, kwa mjane mmoja anayekamua mawese.

"Soma tena."

Nikasoma mara tatu. Nilipotaka kuzima kompyuta, akanishika mkono.

"Usiizime. Acha nimufikie kwanza."

Tukaiacha inawaka mpaka habari ilipokuja kwamba wamekutana.

Majina yaliyoliwa tuliyatafuta upya, colline kwa colline. Wengine hatukuwapata mpaka leo.

Wakuu, backup ambayo hujawahi kuirudisha usiiite backup. Lakini kosa langu kubwa si hilo. Mama mkubwa nilimwambia habari ya panya, sikumwambia habari ya watoto. Angejua, angelala nayo kifuani.

Haya, semeni na nyie: anayewatunzia backup anajua ndani kuna nini?