Nilimtuma Mchumba Wangu Bodi na Prosesa, Akaniletea Alichokitaka Yeye

Admin, asalaam aleikum. Jina langu lifiche, na picha usiitoe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Mjambere, Kisauni. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina. Bado naishi kwa mamangu, na nimeposwa na mwanamume ambaye hapa nitamwita Hamisi.

Jambo moja mlijue mapema msije mkanishangaa katikati. Napenda gemu za kompyuta, na si za kupitishia wakati. Nacheza za mashindano mtandaoni, mpira hasa, wachezaji tukisemezana kwa spika za masikioni. Nilianza kwa kuazima mashine ya binamu yangu, na kuna timu ya wasichana wa hapa Pwani waliniita nijiunge nao, sharti niwe na mashine yangu. Hamisi alilijua hili tangu siku za mwanzo. Alikuwa akija akaketi barazani, mama yupo, nami nikimsimulia nilivyomfunga mtu wa Nairobi, anacheka hadi anajishika mbavu. Ndiyo maana nilimpenda.

Basi nikawa najinunulia vipande kidogo kidogo kwa jasho langu la hina. Kasha, skrini, kibodi. Vikabaki vile vya moyo wa mashine: bodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa juu yake, na prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe. Hapo sikukurupuka. Nilisoma, nikauliza watu, nikatazama video mpaka macho yakauma. Kwa uwezo wangu niliona bora bodi ya kisasa na prosesa ya kawaida tu yenye grafiki ndani yake. Ningeanza kucheza bila kadi ya grafiki, kisha nikijaliwa mbele ya safari, natoa prosesa naweka kali zaidi, bodi ni ile ile.

Msimu wa harusi ukanibana. Hamisi akaniambia, "Wewe shughulika na maharusi wako, habibti. Nitumie majina, nitakwenda dukani Kiembeni nikuchukulie." Nikamtumia majina na pesa. Jioni akaja na bodi nyingine na prosesa nyingine. "Ulizotaka zimekwisha. Fundi asema hizi ni sawa na zile." Nilinyong'onyea, lakini mtu amepigwa na jua kwa ajili yangu, nianze kumhoji? Nikampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikamwombea dua mbele ya mama.

Mashine iliwaka. Gemu ya zamani ilicheza vizuri, ila ile mpya ya mashindano ikawa yakwamakwama. Napiga shuti, mpira unasita, ukija kuondoka kipa ameshajipanga. Wenzangu walivumilia, mwisho nahodha akaniambia kwa upole nikae kando kwanza mpaka nibadilishe prosesa. Ndipo nikaenda Kiembeni mwenyewe, bodi iko mkobani, kuuliza ni prosesa gani ya nguvu itaingia hapo.

Fundi, kijana wa bara mwenye adabu zake, aliigeuza akanitazama. "Hii imefika mwisho, siste. Ni ya kizamani, hakuna prosesa ya maana inaeza pokea tena. Si nilimwambia yule jamaa wako?"

"Ulimwambia vipi, na zile zangu zilikuwa zimekwisha?"

"Zimekwisha? Zilikuwa hapa kwa shelfu! Nilimwambia zako ndizo poa, hii haina pa kwenda. Akasema hiyo ndiyo anataka. Nikadhani mmeelewana."

Wallahi, niliketi kwenye kiti cha plastiki pale dukani.

Hamisi nilipomuuliza hakukana. Sauti hata hakuipandisha. "Kwani nimekukataza? Nimekuletea ya kukutosha mpaka harusi. Ukiingia kwangu utakuwa na nyumba ya kutazama. Mke wangu hatakaa na vidude masikioni, wanaume asiowajua wamwita kwa jina."

"Mbona hukuyasema hayo barazani, mama akisikia?"

"Ungekasirika. Nami sikutaka kukuudhi."

Nikampelekea mama maneno hayo. Naye akasema, "Hanywi, havuti, msikitini haondoki. Wataka kuvunja posa kwa ajili ya kidude cha kuchezea? Watu watasemaje?" Nikamwambia si kidude, mama, amenidanganya. "Wanaume wote hudanganya kidogo," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Na mimi simwoni Hamisi kuwa mtu mbaya. Babangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimama nasi, kuanzia makaburini hadi hitima. Angenikataza waziwazi tungegombana, pengine hata ningemsikiliza. Kinachonila ni kwamba aliketi, akala, akaitikia amina kwenye dua yangu, na huku anajua alichonifanyia.

Ile bodi na prosesa yake nimeziuza kwa hasara nikachukua nilizozitaka. Timu imenirudisha. Hamisi ameiona mashine, akatabasamu. Zamani tabasamu lile lilinituliza. Sasa nalitazama najiuliza kuna nini kingine ameshaniamulia: kazi yangu ya hina, watoto, marafiki, na nitakuja kuambiwa na nani.

Wazee wake wanakuja Ijumaa baada ya swala kupanga siku ya nikaha. Mama ameshaagiza nyama ya biriani. Nami ndipo nikakaa kuwaandikia nyinyi.

Nyinyi mlioolewa, na wanaume mnaojijua, nishaurini kwa upole. Niingie kwenye ndoa hii nikitumai atabadilika, au posa irudi ilikotoka? Na najua mamangu naye yumo humu kwenye kundi. Mama, ukiisoma utajua ni mimi. Nijibu na wewe, ila usiniambie tena watu watasemaje. Niambie wewe wasemaje.