Gitaa la Buswelu na Betri ya Taa za Dagaa

Mimi ubao unaniheshimu. Niliishia darasa la nne, nikaanza ziwani kwa kazi ya kukumba maji kwenye mitumbwi ya watu, na leo nina mitumbwi sita ya dagaa iliyo yangu mwenyewe. Hakuna hata mmoja nilioachiwa na baba. Nikigonga ubao kwa kifundo cha kidole nakwambia umekauka au umelowa, una ufa au hauna. Wenye digrii zao wanakuja kuniuliza. Nayasema haya mapema ili ukifika mbele ukaona nilivyotetemeka kwa ajili ya gitaa moja la mtumba, usidhani unasoma habari za mtu mwoga.

Mambo yalianza siku wakwe walipoleta posa ya binti yangu mkubwa. Ni watu wa Bukoba, wasomi kuanzia babu. Baba wa kijana amefundisha chuo mpaka akastaafu. Alisimama sebuleni kwangu akaongea muda ambao mimi ningeshusha dagaa wa mtumbwi mzima, na hakurudia neno hata moja. Watu wakatulia kama kanisani. Alipomaliza akanigeukia.

"Mzee mwenzangu, siku ya sendofu, tukimuaga binti, tutafurahi sana kusikia neno lako kwake."

Mimi naweza kufokea wanaume ishirini katikati ya upepo wakanisikia wote. Lakini kusimama ukumbini, maikrofoni mkononi, mbele ya watu wanaopima sentensi kama sisi tunavyopima mizigo! Kiswahili changu nikiwa na hofu kinateleza, Kisukuma kinaingilia, najikuta nimesema jambo nusu. Nikajibu haraka kabla akili haijafika:

"Maneno nawaachia walimu, mzee mwenzangu. Mimi siku hiyo nitampigia binti yangu gitaa."

Wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga. Alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake akitia chumvi kwenye chai.

Wageni walipoondoka akaniuliza, "Baba, gitaa lipi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Dukani."

Ukweli ni kwamba kupiga naweza. Nilijifunza mwenyewe, kambini kisiwani Kome, kwenye gitaa la mpishi wetu, na hakuna mtu aliyenishika kidole. Nilitunga hata wimbo, wa kuwafukuza yangeyange kwenye dagaa walioanikwa mchangani. Binti alipokuwa mdogo nilikuwa namwimbia huo. Lakini mara ya mwisho niliposhika gitaa alikuwa hajaota meno ya pili, na sasa ni muuguzi, anaolewa. Vidole vyangu vimezoea kamba na mafuta ya mashine. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nikasikia kuna mtumishi wa serikali Buswelu amepata uhamisho, anauza vyombo vya ndani. Nikaenda. Uani kulikuwa na friji, makochi, na kitanda kilichofunguliwa. Gitaa lilikuwa juu ya makochi. Lilikuwa gitaa kavu, lile la mbao lenye tundu tumboni, ila hili lilikuwa pia la kuchomeka waya. Ubavuni lilikuwa na kisanduku cheusi chenye vitufe vya sauti, wenyewe wanakiita priampu. Ndicho kinachochukua mlio wa nyuzi na kuupa nguvu kabla haujafika kwenye spika. Nikajua hili ndilo. Ukumbi tuliolipia unabeba watu mia tatu, na gitaa lisilo na waya mle lingekuwa sawa na kunong'ona sokoni.

Nililikagua kama ninavyokagua mtumbwi. Niligonga tumbo, nikagonga mgongo, nikatega sikio. Mwenye gitaa alicheka.

"Mzee, unanunua gitaa au tikiti maji?"

"Kijana, wewe soma barua yako ya uhamisho. Ubao niachie mimi."

"Sawa mzee wangu. Sikufichi, halina tatizo, ila hicho kisanduku kinavuma kidogo ukilichomeka. Betri tu hiyo."

Betri tu. Maneno hayo mawili yaliniliza baadaye.

Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi chumba cha stoo, mlango nimefunga. Ncha za vidole zilichubuka, zikapona, zikachubuka tena. Wimbo ulirudi polepole. Lakini nikichomeka waya kwenye spika, ule mvumo ulikuwepo, kama nyuki ndani ya debe, na sauti yenyewe nyembamba. Nikaweka betri mpya ile ya mraba, mvumo ukabaki palepale. Kila nilipousikia niliwaona wale wakwe wamekaa meza ya mbele, wamekunja mikono, wanatabasamu kwa adabu. Hakuna kitu kinachonitisha kama mtu kunicheka kwa adabu.

Sasa ngoja nieleze kosa langu, na nalieleza bila kujificha, maana ningejificha ungelisikia kwa mke wangu.

Sisi watu wa dagaa tunavulia taa. Taa ikififia hatukai kuijadili. Tunaiunga kwenye betri kubwa, ile ya pikipiki, inang'aa. Na rangi za waya hatuangalii. Unaunga, isipowaka unageuza waya, inawaka, kazi inaendelea. Nimefanya hivyo miaka mingi na hakuna taa iliyowahi kunilalamikia. Nikajiambia: hiki kisanduku kinaishi kwa volti tisa, betri ya taa ina kumi na mbili, tofauti ni tatu tu. Kina njaa. Nikakishibishe.

Nikaunga. Kimya. Nikafanya tunachofanya ziwani, nikageuza waya.

Kililia mara moja, "kwap", kisha ikatoka harufu kama nywele zilizoungua. Moshi ulikuwa mdogo sana, uzi tu, lakini niliufuata kwa macho mpaka darini na moyo wangu ukaenda nao.

Mke wangu akagonga mlango. "Baba, unaunguza nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo inanuka hivyo?"

Nilifungua. Akaangalia gitaa, akaangalia betri ya taa, akaelewa yote bila kusomeshwa. "Umelivulia dagaa," akasema, akaenda zake jikoni. Nilimsikia anacheka peke yake, kisha nikasikia cheko limekatika, na hilo la kukatika ndilo lililonitia hofu. Hata yeye alikuwa amehesabu siku.

Kesho yake nilikwenda Buhongwa kwa fundi wa redio na mitambo ya muziki, kijana mmoja anayesifiwa na kwaya zote. Nilimkuta anatafuna hindi la kuchoma.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

Akafungua kisanduku, akakinusa, akarudisha shingo nyuma. "Bosi, huyu si mgonjwa, huyu ni marehemu. Amepigwa na radi?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka punje zikamtoka mdomoni, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akawa mtu wa kazi. Alisema kile cha zamani hakitengenezeki, na hata kisingeungua kilikuwa duni. Anacho kipya, kizuri mara tatu: hakivumi, kina kipimo cha kulegeza na kukaza nyuzi, sauti inatoka nzito kama gitaa lenyewe.

"Tatizo ni moja. Hiki ni kikubwa kuliko tundu la zamani. Itabidi nipanue ubavu kwa msumeno, upana wa vidole viwili."

"Ukate gitaa?"

"Nikate kidogo."

Mtu wa mitumbwi ukimwambia unakata ubao mzima, ulio salama, ni kama umemwambia unang'oa jino lisilouma. Nikamwambia nitafikiria. Nikalifunga gitaa kwa blanketi, nikaliweka kiti cha mbele cha gari, na kila tuta la barabarani nililishika kwa mkono kama mtoto. Siku mbili nilizunguka na lile wazo. Nilikwenda mwaloni kupokea dagaa, vijana wakaniambia mtumbwi mmoja umerudi mtupu, nikasema sawa, wakatazamana. Mimi siku zote mtumbwi ukirudi mtupu lazima mtu ajieleze.

Nikafikiria kuwaambia wakwe ukweli. Nikafikiria kujifanya mgonjwa. Ndiyo, hata hilo nililifikiria.

Jumatano binti akaja nyumbani na kadi za ratiba, zimetoka kuchapwa. Akanionyesha mstari wa katikati, kwa wino wa dhahabu: Baba mzazi kumpigia binti gitaa.

"Unaona, baba? Mama mkwe ameshawatumia ndugu zake wa Bukoba. Wanakuja kukusikia."

"Gitaa lina shida kidogo."

Uso wake ulibadilika. "Shida gani?"

"Ya kisanduku."

"Baba, naomba. Pale kazini nimewaambia watu wote. Kama huwezi sema leo, tutaweka kwaya. Lakini usiseme Jumamosi ukumbini."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kushika. Nikasema, "Nitapiga," na nilipolisema hilo sikuwa najua nitapigaje.

Alhamisi nikarudi Buhongwa. Nikamwambia fundi akate. Akachora mstari wa penseli ubavuni, akaondoa ile fremu ya plastiki ya kisanduku cha zamani, akachukua msumeno mdogo. Mimi nikasema ngoja. Nikagonga pembeni ya mstari, kwa mazoea tu, na kidole kikanijibu vibaya. Nikagonga tena. Ile sauti naijua, ni ya ubao unaosema uongo. Tukalipeleka kwenye mwanga wa mlango, na hapo tukauona: ufa mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye tundu la skrubu, ulikuwa umefichwa na plastiki. Unaelekea moja kwa moja pale alipochora.

Nilinunua gitaa lenye ufa. Mimi! Niliyegonga tumbo na mgongo mbele ya yule mtumishi kwa majivuno yote yale, ubavu sikuugusa kwa sababu ulikuwa na vitufe.

"Ukikata hapa ufa utakimbia mpaka wapi?" nikamuuliza.

Fundi hakucheka safari hii. "Inawezekana usikimbie. Inawezekana ubavu wote ukafunguka. Bosi, siwezi kukuahidi."

Nikasimama na blanketi mkononi. Nikikata, huenda Jumamosi nina sauti nzuri, huenda nina kuni. Nisipokata nina gitaa zima lisilofika meza ya tatu. Nikamwambia auweke msumeno chini. Fundi akapaka gundi kwenye ufa, akaniambia niwaombe wa ukumbini maikrofoni yenye mguu, niiweke mbele ya tundu. Priampu akairudisha kwenye boksi lake. Nilifika nyumbani sijui kama nimefanya busara au nimeogopa msumeno.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, nikatamani usingejaa. Mshereheshaji akaniita kwa mbwembwe. Maikrofoni ikawekwa mbele ya gitaa, nikagusa uzi wa kwanza, spika zikapiga mluzi mkali mpaka wazee wakaziba masikio. Wakaisogeza, ikapiga tena. Fundi mitambo wa ukumbini akatikisa kichwa. Jasho lilinishuka mgongoni, nikausikia mwenendo wake wote. Nikasema, "Zima. Zima vyote."

Nikaanza kupiga hivyo hivyo, kavu. Nyuma watu walikuwa wanagonganisha chupa za soda. Mmoja akapaza sauti, "Hatusikii!" Sikuacha, maana nilijua nikiacha vidole havitarudi. Ubeti wa kwanza uliishia miguuni kwangu. Kisha nikaona yule mkwe, mwalimu wa chuo, anasimama, anabeba kiti chake mwenyewe, anakuja kukaa hatua mbili mbele yangu. Mkewe akamfuata. Halafu viti vikaanza kuburuzwa, meza baada ya meza, mpaka zulia lililowekewa meza ya keki halionekani.

Kwetu ngoma mbili zikishindana hakuna hakimu wa kuandika maksi. Mshindi ni yule ambaye watu wamemwendea. Wahaya wale wa Bukoba hawakujua wananipa nini. Nilikosea nyuzi mara mbili ubeti wa tatu, lakini nilimaliza, na nasema wazi: siku ile hakuna kwaya ingenishinda.

Nilipoanza kunyanyuka, mkwe akanishika goti. Akacheka. "Mzee mwenzangu, tumesikia gitaa. Sasa neno."

Watu wote walikuwa hapo, karibu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nilijua baba hutakiwa kusema nini: vumilia, mtii mumeo, heshimu wakwe. Niliyatafuta yote hayo nikayakosa. Nikamtazama binti.

"Ukichoka," nikasema, "njoo nyumbani. Hata kama ni saa mbaya. Hata bila sababu."

Nikaketi. Shangazi zake waliguna, nikawasikia. Mmoja akasema hayo si maneno ya kumpa bibi harusi. Mkwe alitazama sakafu, na mimi nilikaa na gitaa mapajani, nikimtazama yeye, nikingoja ainue uso nijue kama nimemuudhi.